Tupimiwe tuta kwa tuta, tusihukumiwe bonde zima

Leo naweka pembeni mambo ya mbegu, mbolea na viuatilifu. Nataka tuzungumze kuhusu sumu isiyoonekana kwa macho wala kunuka, ambayo jani lililoota juu yake linaweza kuwa la kijani na la kuvutia kuliko la jirani. Ni madini kama risasi, kadimi, kromi na zebaki, yale ambayo wataalamu huyaita metali nzito. Nataka pia kutoa maoni yangu kuhusu kifaa kinachotumia mwanga wa leza kuyatafuta madini hayo kwenye udongo, kwa sababu swali ninaloulizwa ni hili: "Afisa, hiyo mashine ikija itatusaidia au itatufukuza?"

Jibu langu ni kwamba itatusaidia ikipima tuta moja moja na majibu yakamfikia kwanza mwenye tuta. Ikija kwa mtindo ule wa kuchota udongo sehemu tano, kisha likatangazwa bonde zima kuwa lina sumu, basi italeta njaa kwa wengine bila kumkinga mlaji.

Wewe uliyeko Mkuranga, Kibaha au Kisarawe usiseme haya ni ya watu wa mjini. Mboga yako na ya mjini hukutana kwenye meza moja Kariakoo, na soko likiingiwa hofu haliulizi nani alilima wapi.

MBOGA ZA MJINI NA UDONGO WA MJINI

Mchicha ni zao lisilopenda safari. Joto la Dar es Salaam huunyausha kwa saa chache tu baada ya kung'olewa. Ndiyo maana sehemu ya mboga za majani zinazouzwa Kariakoo, Ilala na Buguruni hulimwa ndani ya jiji lenyewe, kwenye mabonde na kando ya mito, wakati nyanya, vitunguu na viazi husafirishwa kutoka mikoani. Mnunuzi huja bondeni, huangalia tuta, hupatana bei ya tuta zima, kisha hung'oa mwenyewe alfajiri na kuwahi soko. Kumbuka jambo hili la kuuza kwa tuta, nitalirudia.

Mto mkubwa katika habari hii ni Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga maji yake Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Kutoka Jangwani hadi Kariakoo mtu hutembea kwa miguu. Njiani mto hupokea maji ya viwanda, machinjio, karakana, mitaro ya barabara na majalala ya zamani. Jalala la Tabata lilikuwa kero kiasi kwamba wakazi walilipeleka mahakamani mwaka 1988, na baada ya hapo taka zikahamishiwa Vingunguti, bonde lile lile.

Ongeza na magari. Kwa miaka mingi petroli tuliyotumia ilikuwa na risasi ndani yake, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006. Petroli ile imeisha lakini risasi yake haijaondoka. Samadi huoza, dawa ya wadudu huvunjika na kupungua, ila risasi ni madini na haiozi. Iliyotua kando ya barabara miaka ya 1980 bado ipo pale pale kwenye udongo wa juu, isipokuwa kama mvua au jembe limeihamisha.

Si jambo jipya kwa wataalamu. Mwaka 1999 wanakemia Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na wakatoa tahadhari kwa walaji. Tafiti nyingine zimefuata, za mboga, za maji na za udongo. Kwa hiyo zaidi ya miaka 25 tunajua kuna tatizo. Mkulima mmoja mmoja bado hajui kama tatizo liko kwake au kwa jirani.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kila habari ya namna hii inapotoka, inasema "mboga za Msimbazi". Haisemi tuta la nani. Matokeo yake tunayajua sote sokoni. Mteja anauliza mchicha umetoka wapi, na muuzaji anajibu "huu wa Kibaha, mama", hata kama umeng'olewa Kigogo saa kumi na moja asubuhi. Mkulima mwenye udongo safi anapunjwa pamoja na mwenye udongo mchafu, na mwenye udongo mchafu anaendelea kuuza kwa kujificha nyuma ya jina la sehemu nyingine. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki waliokaa tenga moja ni kweli. Kwa udongo si kweli, kwa sababu udongo hutofautiana hata kwa hatua kumi.

LEZA INASOMAJE UDONGO?

Tuielewe kwanza mashine yenyewe. Jina lake la kitaalamu linatokana na neno spektroskopia, yaani kukitambua kitu kwa kusoma mwanga wake. Wewe mwenyewe umeshaiona kazi hii bila kujua jina. Ukidondosha chumvi kwenye moto wa jiko, moto hugeuka njano. Vijana wa chuma chakavu wanapochoma nyaya ili wapate shaba, moto hutoa rangi ya kijani. Njano ile ni ya sodiamu iliyo kwenye chumvi na kijani ile ni ya shaba. Kila elementi ikipata joto kali hutoa mwanga wa rangi zake yenyewe, na hakuna nyingine yenye mpangilio wa rangi kama huo. Ni kama alama za vidole.

Leza hufanya jambo hilo hilo kwa nguvu kubwa na kwa muda mfupi mno. Mshale wa mwanga hupiga punje ndogo ya udongo, na pale ulipogusa hutokea cheche yenye joto la maelfu ya nyuzi. Chochote kilichokuwa kwenye punje ile huvunjika na kuwaka. Kioo maalumu hukusanya mwanga wa cheche, huutawanya kama upinde wa mvua, na kompyuta husoma ni rangi zipi zimejitokeza na zina ukali kiasi gani. Rangi inasema ni madini gani, ukali unasema ni mengi au machache. Kila pigo huchukua chini ya sekunde moja. Katika muda ambao mtu wa maabara anayeyusha sampuli moja kwa tindikali, leza inaweza kuwa imeshasoma makumi ya sampuli.

Hii si hadithi. Chombo cha Marekani kinachoitwa Curiosity, kilichotua sayari ya Mars Agosti 2012, kina leza ya aina hii na kimekuwa kikipiga miamba na udongo wa huko kutoka umbali wa mita kadhaa. Brazil, shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa limeitumia mbinu hii kusoma kaboni na rutuba kwenye udongo wa mashamba. Karibu na sisi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamechapisha kazi za kuitumia kwenye sampuli za mazingira. Kwa hiyo ujuzi tayari uko Afrika Mashariki.

ISICHOWEZA

Sasa niseme na upande wa pili, maana kuna watakaokuja kuwauzieni ndoto.

Kwanza, leza haisafishi udongo. Inasoma tu.

Pili, haioni kila kitu sawasawa. Risasi ikiwa nyingi inaonekana vizuri. Kadimi ni kazi ngumu, kwa sababu huleta madhara ikiwa kidogo sana, hata miligramu chache tu kwa kilo moja ya udongo, na kiasi hicho mashine nyingi za kubeba mkononi hukipita bila kukiona. Leza ikisema "sijaona kadimi" haina maana kwamba haipo.

Tatu, unyevu na aina ya udongo huibadilisha. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni na kichanga cha Mbagala havitoi cheche sawa, hata vikiwa na risasi kiasi kile kile. Mashine iliyorekebishwa kwa udongo wa Ulaya haifai kuletwa Jangwani ikaanza kutangaza namba siku hiyo hiyo. Ni lazima kwanza ifundishwe kwa sampuli za hapa ambazo zimeshapimwa maabara. Na sampuli yenyewe inatakiwa ikaushwe, ichekechwe na kugandamizwa kuwa kidonge, la sivyo namba zitayumba.

Nne, bei yake ni ya halmashauri, chuo au mradi. Mkulima asichangishwe hata shilingi kununua mashine hii.

Tano, usichanganye vifaa. Vile vipima udongo vya mkononi ambavyo halmashauri zimekuwa zikipata ni vya kupima rutuba na hali ya uchachu. Vina kazi yake nzuri, lakini usiambiwe kwamba vimepima risasi. Na yeyote atakayekuja na kurunzi yenye taa nyekundu au programu ya simu akidai anaona sumu ardhini, mwonyeshe njia. Leza halisi ya kazi hii ni hatari kwa macho na huendeshwa na mtu aliyefunzwa.

Kwa sababu hizo mimi naiona leza kama chekeche, na maabara kama hakimu. Chekeche linapitisha matuta mia mbili kwa siku chache na kusema "haya thelathini yana mashaka". Hayo thelathini ndiyo yanayokwenda Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au kwenye maabara za udongo kama za SUA Morogoro na TARI Mlingano. Fedha ambayo leo inapima sampuli chache za kubahatisha itapima zile zenye mashaka ya kweli. Na kwa kuwa kadimi hujificha, matuta machache ambayo leza imeyapitisha nayo yapelekwe maabara kwa kubahatisha.

KWA NINI TUTA KWA TUTA

Nimeshasema mchicha huuzwa kwa tuta. Basi na kipimo kifuate mkondo wa biashara. Mnunuzi anayepatana tuta anaweza kuambiwa hali ya tuta lile. Bonde zima halina bei wala mwenyewe, kwa hiyo kulitangaza hakumsaidii mtu kuamua chochote.

Pia mto wenyewe hauchafui sawasawa. Mafuriko yakija, tope zito hutua kwenye mabondeko na maji yanapopungua kasi, si kila mahali. Dar iliona mafuriko makubwa Desemba 2011, na tangu hapo Jangwani imefunikwa na maji mara nyingi. Tuta lililokuwa safi mwaka juzi linaweza kuwa limepokea tope la karakana mwaka huu. Kipimo cha mara moja kwa miaka kumi hakitoshi. Inabidi kurudia baada ya kila masika yenye mafuriko, na kifaa cha haraka ndicho pekee kinachoweza kufanya hivyo bila kumaliza bajeti.

Tuelewane pia kuhusu namba. Marekani, Januari 2024, walishusha kiwango cha tahadhari cha risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Miligramu 200 kwa kilo ni sawa na gramu 10 tu ndani ya gunia la udongo la kilo 50. Kwenye mboga za majani, viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.3 na kadimi isiyozidi 0.2 kwa kilo. Sisi tuna kanuni zetu za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sheria ipo. Hakuna mkulima ambaye amewahi kuonyeshwa tuta lake liko wapi ndani ya sheria hiyo.

"TUMEKULA MIAKA YOTE, HATUJAFA"

Najua utasema hivyo. Wazee husema, na vijana wameanza kusema.

Risasi haiui kama kipindupindu. Mtoto haanguki siku ya pili. Inakaa mwilini, inaingia kwenye mifupa, na kwa mtoto mdogo inapunguza uwezo wa ubongo kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kadimi hukusanyika kwenye figo kwa miaka. Kwa hiyo anayeumia kwanza si mlaji wa Kariakoo anayenunua fungu mara moja kwa wiki. Ni mtoto wa mkulima anayecheza kwenye tuta lile, anakula kwa mikono yenye udongo, na mboga ya nyumbani kwake ni ile ile kila siku. Tunapojadili soko tusimsahau huyo.

Na kuna wengine, hasa maofisini, watakaosema dawa ni kufyeka bustani zote za bondeni. Nawapinga. Mkulima wa bondeni hakuiweka risasi pale. Yeye amelima tu mahali ambapo wengine walimwaga. Ukimfukuza bila kupima, umemwadhibu aliyemwagiwa na kumwacha aliyemwaga. Sheria yetu ya mazingira ina kanuni kwamba mchafuzi hulipa, lakini hakuna anayeweza kulipishwa bila namba inayoonyesha uchafu umeanzia wapi. Leza ikipanda nayo mto, hatua kwa hatua, itaonyesha mtaro upi unaleta risasi na upi hauleti.

Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kupata risasi kilianza kazi karibu na nyumba za watu mwaka 2007, na kilifungwa 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa zikafuata. Lakini walifika mahali pa kusikilizwa kwa sababu kulikuwa na vipimo vya udongo na vya damu mkononi. Mtu asiye na kipimo hubaki mlalamikaji tu.

"MKIPIMA MTAUA SOKO"

Hili ni la wafanyabiashara, na ni hofu ya haki. Nitawajibu kwa mfano wa Bangladesh, kwenye biashara ya manjano ya kupikia.

Huko, wasagaji walikuwa wakipaka manjano rangi yenye risasi ili ing'ae. Mwaka 2019, karibu nusu ya sampuli za manjano zilizochukuliwa sokoni, asilimia 47, zilikuwa na risasi. Serikali na watafiti waliingia sokoni na kifaa cha mkononi, kile cha eksirei ambacho ni binamu wa leza katika kazi hii, wakapima magunia mbele ya wafanyabiashara wenyewe na wakatoza faini. Wakaeleza umma kwa nini. Kufikia 2021 sampuli zenye risasi zilikuwa sifuri. Manjano bado yanauzwa Bangladesh, na mnunuzi amepata sababu ya kuamini.

Tofauti ni moja, na nitaisema wazi. Wale wasagaji walikuwa wakitia sumu kwa makusudi, mkulima wetu hajatia. Kwa hiyo sisi hatuhitaji faini kwa mkulima. Tunachohitaji kuiga ni kupima hadharani, kupima haraka, na kutenganisha safi na chafu.

MASHARTI YANGU KABLA MASHINE HAIJASHUKA BONDENI

Kwa sasa kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliopitishwa mwaka 2022, na udongo mwingi utachimbwa, utasogezwa na kumwagwa mahali. Huu ndio wakati wa kuweka masharti, kabla mambo hayajakwisha kupangwa.

La kwanza, majibu yamfikie mwenye tuta kwanza, kwa Kiswahili, kwenye karatasi, yakiwa na alama ya tuta lake. Asiyasikie redioni.

La pili, pasitangazwe tuta lolote kuwa chafu kwa neno la leza peke yake. Maabara ithibitishe.

La tatu, anayekuja kupima aje na msaada mkononi: chokaa, mbegu za zao mbadala, au sehemu nyingine ya kulima. Kumwambia mtu tuta lake lina risasi kisha ukawasha pikipiki ukaondoka ni kumlazimisha afiche.

La nne ni gumu, na baadhi yenu hamtalipenda. Siri isiwe ya kudumu. Mkulima apewe muda wa kubadilisha, sema mavuno mawili ya mchicha, ambayo ni miezi miwili hivi. Baada ya hapo mnunuzi ana haki ya kujua. Na kama maabara imeonyesha kiwango kikubwa mno, uvunaji wa mboga za majani usimame siku ile ile na mkulima afidiwe tuta lake. Mlaji naye ni mtoto wa mtu.

La tano, udongo na tope litakalochimbwa mtoni lipimwe kabla halijapelekwa popote. Lisije kuuzwa kama udongo wa bustani kwa watu wa Goba na Kibaha.

UNACHOWEZA KUFANYA LEO

Usisubiri mashine. Haya yanafanyika sasa, na hayana gharama kubwa.

1. Ijue historia ya shamba lako. Uliza wazee. Palikuwa karakana? Jalala? Pamewahi kuchomwa nyaya au kufunguliwa betri? Kama ndiyo, anza kuchukua tahadhari hata kabla ya kipimo.

2. Kando ya barabara kubwa na mdomoni mwa mtaro usipande mboga za majani. Panda miche ya maua na ya miti. Dar ina wateja wengi wa miche.

3. Badilisha zao. Mboga za majani na za mizizi hubeba zaidi. Mazao ya tunda kama bamia, nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili hubeba kidogo zaidi. Tuta lenye mashaka lipe bamia badala ya mchicha.

4. Pima uchachu wa udongo, kisha ongeza chokaa pale inapohitajika, pamoja na mboji au samadi iliyooza. Udongo wenye uchachu huachilia risasi na kadimi kwa mmea. Chokaa na mboji huzishika zisipande.

5. Maji ya mtaro yasiguse mboga, wala wakati wa kumwagilia wala wakati wa kusuuza. Wafanyabiashara, hili ni lenu pia. Risasi nyingi kwenye mchicha ni ya vumbi na tope lililoshika kwenye majani, na maji safi huiondoa kwa kiasi kizuri. Kadimi iliyoingia ndani ya jani haioshwi.

6. Pale udongo ulipo mbaya, inua tuta. Tandika viroba chini, jaza juu udongo safi na mboji. Usitumie mapipa ya kemikali wala mbao zenye rangi ya zamani.

7. Usimwage majivu ya takataka kwenye tuta. Majivu ya kuni safi ni sawa. Majivu yenye plastiki, nyaya na betri ni sumu unayoipanda kwa mkono wako.

8. Ndugu wa vijijini, betri za sola zilizokufa msizifungue uani ili kupata risasi ya kuuza. Bonde la Msimbazi limechafuka kwa miaka mingi. Uani kwako unaweza kuchafuka kwa mchana mmoja.

9. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na viatu vya shambani vibaki nje.

Na mkisikia wapimaji wanakuja, jiandaeni. Yape matuta yenu namba. Chukueni udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, kutoka sehemu kadhaa za tuta moja, uchanganyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, uanikeni kivulini, na kila mfuko uandikwe namba ya tuta na tarehe. Wekeni nusu ya udongo huo kwenu. Siku mtu akileta namba msiyoielewa, mtakuwa na udongo wenu wa kupeleka kupimwa kwingine.

Viongozi wa vikundi vya bustani, likalisheni kikao suala hili kabla ya masika, na muwaalike wanunuzi wenu wa Kariakoo na Ilala wawepo. Mkiwa na daftari la matuta na makubaliano yenu wenyewe, mtakuwa na la kusema siku mashine itakaposhuka bondeni.

Kazi njema, na mvua njema.